Mabua ya Mama Katika Soko la Taa

Salmi, Michigan
19 Oktoba 1986

Urho mdogo wangu,

Natumaini u mzima, na kwamba mapafu yako yanaifanya kazi uliyoyapeleka huko jangwani kuifanya. Mimi sijambo. Goti tu ndilo linanisumbua, na goti si mtu, basi tusilizungumze. Paka amezaa tena, watoto wanne, ndani ya kapu la nyuzi za sufu dukani, na wateja sasa wanakuja kutazama paka, sufu hawanunui. Mchungaji mpya amefika. Anahubiri dakika kumi na mbili tu, na wazee wanalalamika kwamba hawapati hata nafasi ya kusinzia. Ziwa limeanza kunguruma. Juzi mawimbi yaliruka gati yakalowesha benchi zote mpaka mlangoni kwa Reino.

Na sasa huyo Reino. Soko la Taa mwaka huu ni Jumamosi ya tarehe sita Desemba. Maduka yote yameshafunika vioo vyao kwa magazeti, ili jirani asiibe wazo la mapambo kabla ya siku yenyewe. Akina mama wa kanisa wameshaanza kubishana juu ya pai za nyama, kama ziwe na karoti au zisiwe na karoti, kama kila mwaka. Reino, kwa kuwa ana duka la misumari na rangi na ndiye mwenyekiti wa kamati, ameagiza nyota ya plastiki kubwa kama mlango wa gari. Inawaka rangi nne na kupiga muziki. Anataka kuitundika katikati ya dari ya banda la mashua, juu ya soko lote, pale pale ninapotundika himmeli yangu, pambo letu la mabua na uzi, kila mwaka tangu mama afariki.

Nikamwambia, Reino, hapo ni pa himmeli. Akanijibu, "Dada Lempi, mabua ni chakula cha ng'ombe." Mbele ya watu. Nimekula kiapo kwamba nyota yake haitapanda dari hiyo nikiwa hai. Nimeshapata mabua ya ngano yaliyokatwa kwa mundu, marefu, hayana mkunjo hata mmoja. Nimeyaweka juu ya benchi kwenye kibanda cha sauna, pale tunapooga mvuke, yakauke polepole, maana moto wa jiko la nyumbani unayapasua. Yakikauka nitakaa kukata na kutunga uzi, bua kwa bua, pembe kwa pembe, kama alivyotufundisha mama.

Sauna bado tunatumia zamu ile ile, mimi Jumatano na Hilja Jumamosi, na bado tunaandikiana kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni. "Kuni zimeisha." "Ndoo inavuja." Zaidi ya hayo hatusemezani, miaka ishirini na mitatu sasa, na sijutii. Mtu aliyebaki nyumbani kuosha vikombe siku ya mazishi, sisi tukiwa makaburini, tukarudi himmeli ya mama haipo darini, nimwambie nini? Jirani wa ukuta kwa ukuta. Iliniuma na inaniuma mpaka leo.

Niandikie upesi. Usinijibu kwa kadi ya picha ya mnyoo wa jangwani kama mara ile.

Dada yako,
Lempi


Mesa, Arizona
27 Oktoba 1986

Dada Lempi,

Yule alikuwa mjusi, hakuwa mnyoo, na kadi ile niliichagua kwa upendo.

Huku ni salama. Mapafu yanashukuru. Leo nimeketi nje kwa fulana, na mchungwa wa uani umezaa mpaka matawi yanagusa ardhi. Jirani yangu ameanza kuvisha madungusi yake taa za Krismasi. Namaanisha ile mimea ya miiba, mirefu kuliko yeye, na kila mwaka anachomwa na kila mwaka anatukana kwa Kihispania. Tangu Rosa wangu afariki, ndiye anayenichekesha.

Lakini dada, mwandiko wako una nini? Barua yako ilinichukua jioni nzima. Herufi zinatembea kama kuku aliyetoka kwenye matope. Wewe uliyenichapa vidole kwa rula kwa sababu ya herufi zangu.

Kuhusu Reino, usimwachie. Banda la mashua bila himmeli ni banda la mashua tu. Nakumbuka tukiwa wadogo, ile ya mama ilivyokuwa ikizunguka mtu akifungua mlango, na wewe ulinidanganya kwamba inageuka kumtazama aliyeingia. Niliamini mpaka nina miaka kumi na moja.

Hayo ya Hilja ni ya zamani, dada. Huku joto limezidi kidogo wiki hii. Wanasema litapungua.

Mdogo wako,
Urho


Salmi
6 Novemba 1986

Urho,

Salamu fupi, maana nina hasira. Mimi mzima. Paka wote wazima. Theluji imeanguka mara mbili na kukaa.

Hilja ameyachoma mabua yangu.

Jumamosi ilikuwa zamu yake. Jumatano naingia sauna, nakuta jiko limesafishwa, maji yamejazwa, na mabua hakuna hata moja. Kwenye ubao ameandika kwa chaki: "Vya kuwashia vimeisha." Vya kuwashia, Urho. Himmeli nzima ya Soko la Taa ameipeleka chini ya mawe ya moto akaketi juu yake kutoa jasho. Wakati huu mashamba yote yamefunikwa theluji, na mashine zao za kuvunia zinayaponda mabua. Siwezi kupata mengine mpaka mwakani.

Reino alipopata habari alijitia huzuni, kisha akatoa futi mfukoni akaanza kupima dari kwa ajili ya nyota yake.

Kamati inakutana Jumatatu, tarehe ishirini na nne. Nitasimama na kusema yote. Kwanza ya mama, halafu haya ya mabua. Nitataka Hilja aondolewe kwenye meza ya mikate. Amesimamia meza ile miaka kumi na saba na mikate yake ya iliki, watu wanapanga foleni, wanamwita malaika. Basi wamjue. Mara ya kwanza kelele zangu ziliishia jikoni kwa sababu sikuwa na ushahidi. Sasa ninao, kauandika mwenyewe kwa chaki.

Kuhusu mwandiko, ni kalamu. Kalamu za siku hizi hazifai.

Lempi


Mesa
12 Novemba 1986

Dada yangu Lempi,

Pole sana kwa mabua. Najua kazi yake, pole kweli kweli. Machungwa nimekutumia boksi moja, yatafika wiki ijayo kama posta hawatayala.

Nakuomba jambo moja. Usiseme kitu mbele ya kamati. Mabua labda aliyachukua kwa bahati mbaya, kibanda chenyewe kina giza. Na ile habari ya mama usiiguse kabisa. Nakuomba kama mdogo wako, sijawahi kukuomba mengi.

Afya yangu nzuri. Jirani amechomwa tena.

Urho


Salmi
17 Novemba 1986

Mdogo wangu,

Machungwa yamefika, ahsante, ni matamu. Mawili nimempa mchungaji, Jumapili akahubiri dakika kumi na tano. Tumeanza kugandisha maji kwenye ndoo kwa ajili ya taa za barafu. Zitapangwa gatini kote, mshumaa ndani ya kila moja, kama unavyokumbuka. Mwaka huu zinatakiwa mia mbili, na mtaa mzima hauna ndoo ya kufulia.

Ila ombi lako limenishangaza. Kwa nini unamtetea Hilja? Mtu hajakutia machoni miaka ishirini na mitatu. Au ulikuwa unampenda? Kama ulikuwa unampenda sema, nitacheka kidogo tu. Lakini usiniambie nisiguse habari ya mama yangu bila kunipa sababu. Mama alitunga himmeli ile majira ya baridi ya kwanza alipofika nchi hii, hajui lugha, hana mtu. Ndicho kitu pekee nilichotaka katika nyumba ile. Vitanda mlichukua, saa mlichukua, sikusema neno.

Jumatatu nitasimama. Kama una sababu, nipe kabla ya hapo. Kama huna, nyamaza ule machungwa yako.

Lempi


Mesa
20 Novemba 1986
KWA POSTA YA HARAKA

Dada Lempi,

Nimeandika barua hii mara nne. Tatu ziko kwenye pipa la taka.

Himmeli ya mama iko kwangu. Inaning'inia juu ya meza yangu ya chakula, naitazama sasa hivi ninapoandika. Iko huku tangu mwaka wa sitini na tatu.

Hilja hakuigusa. Niliishusha mimi asubuhi ya mazishi, kabla hamjaamka, na kwa msiba hakuna aliyetazama darini, nikaificha chini ya kitanda ndani ya boksi la kofia la shangazi. Daktari alikuwa ameshaniambia nisipohamia kwenye hewa kavu sitamaliza miaka miwili, kwa lile vumbi la mgodi. Niliona nakwenda mahali nisipomjua mtu, kama mama alivyokuja. Nikataka kitu kitakachogeuka mtu akifungua mlango. Nilikusudia kukuomba, Mungu ni shahidi. Kisha mkarudi kutoka makaburini, ukaanza kupiga kelele na kumtaja Hilja, nikaogopa. Nikasema nitaandika nikifika. Nilipofika nikasema nitaandika Krismasi. Rosa alinikumbusha kila Krismasi mpaka akafa.

Na kuna baya zaidi. Hilja aliniona. Siku ya kuondoka, kituoni, upepo wa ziwa ulifungua kifuniko cha boksi. Yeye alikuwa amekuja kuniaga, mimi mikono imejaa mizigo. Akaona kilichomo. Akavua skafu yake kichwani, ile ya buluu, akalifunga boksi vizuri, akafunga na fundo. Nikamwomba asikwambie, nikamwambia nitakwambia mwenyewe. Akasema sawa. Wakati huo ulikuwa umeshamwita mwizi mbele ya watu wote jikoni, dada, naye alijua. Ameshika neno lake miaka yote hii, nami sikushika langu.

Nitukane unavyotaka. Lakini Jumatatu usimtaje.

Himmeli haiwezi kutumwa kwa posta, itafika unga. Nimekata tiketi ya basi. Nitaipakata mwenyewe siku tatu, nitafika Alhamisi ya tarehe nne. Ni ndogo kuliko zako, na bua moja limevunjika upande wa chini, nililiunga kwa kijiti cha kiberiti. Kama hutaki kunifungulia mlango, nitaiacha barazani.

Urho


Mesa
12 Desemba 1986

Dada Lempi,

Nimefika salama. Kifua kilinibana mpaka tulipovuka Oklahoma, sasa kinapumua. Daktari amenifokea, nikamwambia angeonja mkate wa iliki wa Salmi angenielewa.

Ahsante kwa kunifungulia mlango. Ahsante pia kwa lile kofi, nililitegemea. Sikutegemea uji wa moto mara tu baada yake.

Nikiwa kwenye basi nilikuwa nikikumbuka vitu kimoja kimoja. Taa za barafu gatini, watu wakitembea katikati yake na mvuke unawatoka midomoni. Yale maduka, siku nzima mtu hanunui ila anazunguka kutoka kioo hadi kioo akisema cha mwaka jana kilikuwa bora. Kile chako, na paka wanne halisi wamelala ndani ya kigari cha theluji, na mimi nikidhani ni wa sufu mpaka mmoja akapiga miayo. Kwaya ilivyoimba nje ya banda huku bati linatetemeka kwa upepo. Na Reino juu ya ngazi, mwenyewe, akifunga himmeli ya mama kwenye ndoano, anashika uzi kwa ncha za vidole kama anashika yai. Umeiona nyota yake ilikoishia? Juu ya choo cha umma. Inasaidia wageni, anasema.

Reino alinisimulia habari ya kamati. Kwamba ulisimama, watu wote wanajua una jambo la kusema. Kwamba barua ilikuwa imetokeza kwenye mfuko wa koti lako. Kwamba ulisema tu, "Himmeli ipo, inakuja kwa basi," ukakaa.

Sasa nikuulize. Umekwenda kwa Hilja? Pale sokoni nilikuona ukipita mbali na meza ya mikate kama ina ukoma. Mimi nilikwenda, nikaomba radhi. Akanipa mkate, akasema, "Umekonda." Basi, hakuongeza. Skafu yake nilisahau kumpa, nimeiacha kwako juu ya kabati.

Aliyekosa ni mimi, lakini mlango wake uko kando ya wako.

Urho


Salmi
18 Januari 1987

Urho mdogo wangu,

Salamu za mwaka mpya. Ziwa limeganda mpaka kisiwani na watu wameshatoboa matundu ya kuvulia samaki. Mwandiko huu mzuri unaouona si wangu. Ninasema, anaandika Hilja. Nimemwambia aandike kila neno, asinirekebishe.

Ilinichukua wiki tano. Kwenda mlangoni kwake sikuweza, miguu ilikataa. Basi Jumatano moja niliandika kwenye ubao wa sauna: "Himmeli alichukua Urho." Jumatano iliyofuata nikakuta chini yake: "Najua." Nikaandika: "Mbona hukusema?" Nikangoja wiki nyingine. Akaandika: "Niliahidi." Hivyo tu, kwa chaki. Niliketi kwenye benchi la juu nikalia, na kwa bahati mle ndani kila mtu uso wake umelowa.

Nikaandika: "Njoo kahawa."

Alikuja Ijumaa amevaa nguo ya kanisani. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi, mazuri, marefu. Nikainua birika kumimina, mkono ukanitetemeka kama siku zote, kahawa ikamwagika mezani. Akanipokonya birika, akasema, "Tangu lini?" Ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu baada ya miaka ishirini na mitatu. Nikamwambia, tangu kiangazi cha mwaka juzi. Ile radhi niliiomba baadaye, vibaya, kwa maneno mengine kabisa. Akasema nimechelewa, lakini kahawa bado ni ya moto.

Kwa hiyo si kalamu, Urho. Ni vidole. Sishiki sindano, sishiki uzi, herufi zenyewe umeziona. Himmeli ya mwaka juzi niliitunga kwa miezi minne na kwa machozi. Mwaka jana sikuwa na uwezo hata wa kuanza, na nilikuwa nimeshakula kiapo mbele ya Reino.

Wewe umesema lako. Na mimi ninalo, na halijui mtu, hata anayeandika hapa halijui. Mabua yale hayakuwa kwenye benchi. Niliyaweka mwenyewe kwenye kikapu cha vya kuwashia, Ijumaa jioni, nikijua kesho ni zamu ya Hilja. Nikajiambia nimesahau. Jumatano nilipokuta yameungua nilifurahi, Urho. Nilipumua kama mtu aliyetua mzigo. Hasira ilikuja baadaye, na ilikuwa rahisi, maana mtu wa kumkasirikia nilikuwa naye tayari.

Hilja ameacha kuandika. Ananitazama. Nimemwambia, andika. Ananitazama bado.

Haya, ameandika.

Himmeli ya mama sasa iko dukani, juu ya meza ya kukatia. Mlango ukifunguliwa inageuka. Najua ni upepo, mimi ndiye niliyekutungia uongo ule. Hata hivyo inapogeuka nainua macho. Mpaka sasa ni wateja tu, na Reino mara mbili kwa siku, eti anatafuta soksi. Desemba ijayo uje, uvae sweta mbili na uje. Hii itarudi banda la mashua, na wewe ndiye utakayeipakata mpaka huko.

Dada yako,
Lempi

Urho, hapa naandika mimi Hilja, yeye amekwenda kutazama jiko. Nimeandika yote kama alivyosema, hata pale aliponisema. Kuhusu mabua, nilijua siku ile ile. Lempi hasahau mabua. Niliyaona kwenye kikapu, na chaki yake ubaoni ilikuwa imeshaanza kuyumba, nikamwelewa, nikamwashia. Kaka yangu atanikatia mengine msimu wa mavuno kabla mashine haijapita, mimi nitatunga na yeye atakaa kando kunielekeza, kusema hakujawahi kumshinda. Usimwambie kwamba nilijua. Hili nalo nitalishika mimi. Skafu yangu nimeipata, ina harufu ya machungwa.